Kufundisha aina za pembetatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwalimu, au mzazi, anayefundisha aina za pembetatu kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14. Mada inaonekana nyepesi: majina sita tu, na mtoto huyakariri kwa muda mfupi. Ugumu hujitokeza siku pembetatu inapochorwa imeinama, au mwanafunzi anapoulizwa kama umbo moja linaweza kubeba majina mawili.

## Aina za pembetatu ni ngapi hasa?

Inategemea umeuliza nini. Ukiuliza kuhusu pande, ziko tatu: pembetatu sawa (pande zote tatu zinalingana), pembetatu pacha (angalau pande mbili zinalingana) na pembetatu ya pande tofauti (hakuna upande unaolingana na mwingine). Ukiuliza kuhusu pembe, ziko nyingine tatu: pembetatu ya pembe kali (pembe zote ni chini ya nyuzi 90), pembetatu mraba (pembe moja ni nyuzi 90 kamili) na pembetatu ya pembe butu (pembe moja inazidi nyuzi 90).

Chati nyingi za ukutani huyapanga majina yote sita kwenye orodha moja, na hapo ndipo matatizo yanapoanza. Mwanafunzi anadhani lazima achague moja kati ya sita. Akikutana na pembetatu pacha yenye pembe mraba, anaona kama kuna mahali amekosea. Mzoeshe tangu kipindi cha kwanza kwamba maswali ni mawili na kila pembetatu hujibu yote mawili. Jina kamili basi lina sehemu mbili: "pacha, mraba" au "pande tofauti, butu".

Aina tatu kwa tatu zinatoa michanganyiko 9, lakini inayowezekana ni 7. Pembetatu sawa haiwezi kuwa na pembe mraba wala pembe butu, kwa kuwa kila pembe yake ni nyuzi 60. Usiwaambie mapema. Wape jedwali la vyumba tisa, pande juu na pembe kushoto, wachore pembetatu moja katika kila chumba. Watahangaika na vyumba viwili. Waache wahangaike, kisha uliza kwa nini havijazwi. Jibu la "nimejaribu nikashindwa" halitoshi. Unalotaka kusikia ni kwamba pande mbili zikikutana kwa pembe ya nyuzi 90 au zaidi, upande wa tatu lazima uwe mrefu kuliko zote mbili.

## Nitumie vipimo gani kutengeneza kadi za aina zote saba?

Hivi hapa, kwa sentimita, hutoa maumbo yanayotofautiana waziwazi bila kuwa makubwa mno:

- sawa, pembe kali: 7, 7, 7
- pacha, pembe kali: 8, 8, 6
- pacha, mraba: pande mbili za 6 zinazokutana kwa nyuzi 90 (upande wa tatu utatoka karibu 8.5)
- pacha, butu: 5, 5, 8 (pembe kubwa ni karibu nyuzi 106)
- pande tofauti, pembe kali: 7, 8, 9 (pembe kubwa ni karibu nyuzi 73)
- pande tofauti, mraba: 6, 8, 10
- pande tofauti, butu: 5, 7, 10 (pembe kubwa ni karibu nyuzi 112)

Kata zote kwenye kadi ya rangi moja. Rangi zikitofautiana, watazipanga kwa rangi. Usiandike chochote upande wa mbele, weka namba nyuma tu, tena ndogo, ili namba isiwe ishara ya upande gani uko juu. Ongeza nakala ya pili ya aina mbili au tatu kwa ukubwa tofauti, kwa mfano 3, 4, 5 pamoja na 6, 8, 10, kwa sababu kuna wanafunzi wanaoamini kwamba ukubwa hubadilisha aina. Seti ya kadi kumi hivi inatosha kundi la wanafunzi wanne. Wakiwa sita au zaidi, wawili watafanya kazi na wengine watatazama.

## Nianze na fasili au na kadi?

Anza na kadi. Mwaka 1957 wanandoa Waholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walieleza katika tasnifu zao kwamba uelewa wa jiometri hupanda kwa ngazi. Kwanza mtoto hutambua umbo kwa sura yake nzima, halafu kwa sifa zake, na baadaye huanza kuona jinsi sifa moja inavyoilazimisha nyingine. Mwalimu anayesoma fasili ubaoni anazungumza kwa lugha ya sifa na darasa ambalo bado liko kwenye sura. Wataiandika kwenye daftari vizuri kabisa, na haitawasaidia.

Kwa kipindi cha dakika 40, mgawanyo huu hufanya kazi. Dakika 10 za kwanza wapange kadi kwa namna yoyote wanayotaka, mradi waseme kanuni waliyotumia. Dakika 10 zinazofuata wapange upya kwa pande pekee, kwa rula. Dakika 10 nyingine wapange kwa pembe pekee, wakitumia kona ya karatasi kama kipimo: pembe ikiingia sawasawa kwenye kona ni mraba, ikiwa nyembamba kuliko kona ni kali, ikizidi ni butu. Majina yaje sasa, dakika 10 za mwisho, kama vibandiko vya makundi ambayo tayari yapo mezani. Kipimapembe kisubiri kipindi cha pili.

Sikiliza namna wanavyojieleza. Anayesema "hii ni mraba kwa sababu imesimama wima" bado anatazama sura. Anayesema "nimeweka kona ya karatasi ikaingia" ameshavuka.

## Kwa nini wanafunzi huikataa pembetatu ikigeuzwa?

Kwa sababu wamezoea picha ya aina moja. Pembetatu mraba huchorwa na pembe yake chini kushoto, pembetatu pacha husimama na kilele juu katikati, na pembetatu sawa hukaa kwenye kitako kilicholala. Baada ya picha ishirini za hivyo, mtoto huuchukua mkao kuwa sehemu ya fasili.

Chora pembetatu mraba ikiwa imelalia upande wake mrefu, pembe mraba ikiwa juu, na uliza darasa ni aina gani. Wengi watajibu "pacha" au "butu". Mpe mmoja kona ya karatasi aje apime ubaoni. Baada ya hapo, kila mfano utakaochora usiwe na kitako kilicholala, angalau kwa wiki moja. Ni usumbufu kwa mwalimu, maana mkono umezoea kuchora vilevile, lakini hakuna dawa ya haraka zaidi. Wape pia ruhusa ya kuzungusha karatasi. Wapo wanaodhani kuzungusha ni udanganyifu.

## Je, pembetatu sawa ni pembetatu pacha pia?

Ndiyo, kwa fasili inayotumika zaidi katika hisabati ya leo: pacha ni yenye angalau pande mbili zinazolingana, na penye pande tatu sawa hizo mbili zipo. Faida yake inaonekana unapoanza kuthibitisha mambo. Ukishaonyesha kwamba pembe za kitako cha pembetatu pacha zinalingana, hukumu hiyo inaishukia pembetatu sawa bila kazi ya ziada.

Euclid, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliifafanua pacha kuwa yenye pande mbili tu zinazolingana, na bado vipo vitabu vya shule vinavyofuata njia hiyo. Kagua kitabu na mitihani ya darasa lako kabla ya kusahihisha. Kama kitabu kinasema "pande mbili tu", waambie wanafunzi wazi kwamba fasili mbili zipo na mtihani wao unatumia ipi. Kibaya ni kutumia moja Jumatatu na nyingine Alhamisi.

## Mbona wanaita karibu kila pembetatu "ya pembe kali"?

Kwa sababu karibu kila wanapoangalia wanaiona pembe kali. Kila pembetatu ina angalau pembe kali mbili, hata ile butu kuliko zote. Mwanafunzi anapima pembe ya kwanza, anapata nyuzi 35, anaandika "kali" na kuendelea na swali linalofuata.

Kanuni ni fupi: tafuta pembe kubwa kuliko zote, hiyo ndiyo inayotoa jina. Na pembe kubwa haitafutwi kwa kubahatisha, iko mkabala na upande mrefu kuliko wote. Kwa hiyo hatua ni tatu: tafuta upande mrefu, nyoosha kidole hadi kona iliyo mkabala nao, pima kona hiyo peke yake. Wanaofuata hatua hizi hupima mara moja badala ya mara tatu.

## Wanafunzi wanapima pembe ya nyuzi 50 wanaandika 130. Nifanyeje?

Kipimapembe cha kawaida kina mistari miwili ya namba, mmoja ukianzia kulia na mwingine kushoto. Mwanafunzi amesoma ule usio wake. Dawa ni kumtaka akadirie kabla ya kupima: aandike "chini ya 90" au "zaidi ya 90", ndipo aweke kifaa. Namba ikipingana na makadirio yake, atajua mwenyewe kwamba amesoma mstari mwingine. Wengine husaidika zaidi kwa kuanza kuhesabu kutoka sifuri iliyo juu ya mkono wa pembe: 0, 10, 20, wakifuata namba hizohizo hadi mkono wa pili.

Makosa mengine matatu hurudi kila mwaka.

La kwanza ni kulaza ukingo wa plastiki kwenye mstari badala ya mstari wa sifuri. Katika vipimapembe vingi mstari wa sifuri uko milimita kadhaa juu ya ukingo. Pembe hutoka na kosa la nyuzi kadhaa.

La pili ni pande fupi zisizofika kwenye namba. Mwanafunzi anakadiria kwa macho upande ungefikia wapi. Afundishwe kuurefusha upande kwa rula na penseli nyepesi hadi uvuke ukingo wa kifaa. Wengine hugoma wakidhani wanaharibu umbo, hivyo sema bayana kwamba kurefusha mkono hakubadilishi pembe.

La tatu ni kitovu cha kifaa kutokaa kwenye kona. Wale wanaotazama kutoka ubavuni huliona kitovu mahali pasipo pake. Watazame kutoka juu kabisa.

Penseli butu nayo inachangia. Mstari wenye unene wa milimita moja kwenye pembetatu ndogo unaweza kukupotezea nyuzi moja au mbili.

## Jumla ya pembe inatoka 178 au 182. Je, wamekosea?

Hapana, wamepima. Kila pembe inaweza kuwa na kosa la nyuzi moja huku au huku, kwa hiyo jumla ya pembe tatu inaweza kukosea hadi nyuzi 3. Kubali majibu kuanzia 177 hadi 183. Nje ya hapo warudie kupima.

Tahadhari na darasa ambalo kila mtu amepata 180 kamili. Kuna waliopima pembe mbili na kutoa kwenye 180 ili wapate ya tatu, ama kwa uvivu ama kwa kuogopa jibu lisilo safi. Orodhesha ubaoni jumla za darasa zima, pamoja na zile zilizopinda. Ukiona 179, 181, 180, 178, 182 zimesambaa pande zote za 180, una msingi mzuri wa kuuliza: je, ni 180 kweli, au tunakaribia tu?

## Kuchana kona tatu na kuzipanga kwenye mstari ni uthibitisho?

Ni onyesho zuri, si uthibitisho. Linaonyesha kwamba pembetatu hii, kwa kadiri jicho linavyoona, hutoa mstari mnyoofu. Halisemi chochote kuhusu pembetatu ambazo hazijachanwa.

Ukilifanya, weka alama kwenye kila kona kabla ya kuchana, na uwaambie wachane kwa mkono badala ya kukata kwa mkasi. Kipande kilichokatwa kwa mkasi kina kona tatu safi, na mtoto hajui tena ipi ilikuwa ya pembetatu. Kipande kilichochanwa kina kona moja safi na ukingo mmoja wenye nyuzinyuzi, hakimchanganyi.

Uthibitisho wenyewe uko ndani ya uwezo wa umri huu kama wameshasoma mistari sambamba. Chora pembetatu, kisha kupitia kilele chora mstari ulio sambamba na kitako. Pembe ya kushoto ya kitako inajirudia upande wa kushoto wa kilele, kwa kuwa ni pembe mbadala. Ya kulia inajirudia kulia. Kwenye kilele sasa kuna pembe tatu zinazojaza mstari mnyoofu, yaani nyuzi 180. Hakuna kipimo kilichotumika, ndiyo maana hoja inashika kwa kila pembetatu iliyochorwa kwenye karatasi bapa.

Mwanafunzi mdadisi akiuliza kuhusu mahali pasipo bapa, mpe mpira na kalamu. Aanze juu kabisa, ashuke hadi katikati ya mpira, aende robo ya mzunguko kuufuata mstari wa katikati, kisha arudi juu. Atapata pembetatu yenye pembe mraba tatu, jumla nyuzi 270.

## Kuna zoezi la njiti lenye manufaa kweli?

Lipo, na linahitaji njiti 12 tu kwa kila wawili. Njiti ziwe za urefu mmoja. Agizo: tumia njiti zote 12 kuunda pembetatu moja, bila kuvunja njiti wala kuzipandanisha. Pembetatu ngapi tofauti zinawezekana?

Jibu ni tatu: 4-4-4, 5-5-2 na 3-4-5. Zimejipanga kana kwamba zilitungwa kwa ajili ya somo hili: moja sawa, moja pacha, moja ya pande tofauti ambayo pia ni mraba. Wengi watapendekeza 6-3-3 au 6-4-2. Waambie wazijenge. Zinalala chini na kuwa mstari, na hapo kanuni inajitokeza yenyewe: pande mbili fupi zikijumlishwa lazima zizidi upande mrefu. Kulingana nao hakutoshi.

Kisha ondoa njiti moja. Kwa 11, kila mtu hutegemea kwamba pembetatu zitapungua. Zinaongezeka, zinakuwa nne: 5-5-1, 5-4-2, 5-3-3 na 4-4-3. Kwa 10 zinarudi mbili, 4-4-2 na 4-3-3. Sababu ya 11 kuzidi 12 ni kwamba upande mrefu lazima uwe chini ya nusu ya njiti zote. Kwa 12 hauwezi kuzidi 5, kwa 11 pia hauwezi kuzidi 5, lakini zikiwa 11 njiti zinazobaki kwa pande mbili nyingine zinagawanyika kwa njia nyingi zaidi. Wakiendelea na njiti 4 watagundua kwamba hakuna pembetatu hata moja.

## Tumetumia mirija, na wanafunzi wameunda pembetatu ya 3, 5 na 8. Imewezekanaje?

Haikuwezekana. Mirija imedanganya. Mrija una unene, na ncha zake huweza kugusana kwa pembeni huku katikati ya ncha hazijakutana. Pili, mkasi haukati kwa usahihi wa milimita. Tuseme mirija ya sentimita 3 na 5 ilikatwa milimita moja zaidi, ikawa 3.1 na 5.1. Jumla ni 8.2, na pembetatu inayotokea ina kimo cha karibu milimita 9. Kosa dogo hivyo linazaa umbo linaloonekana wazi kabisa kwa macho.

Kwa hiyo epuka kutumia mirija kwa mfano wa mpakani. Tumia 3, 4 na 8, ambapo mirija miwili inabaki na pengo la sentimita nzima na hakuna wa kubishana. Ule wa 3, 5 na 8 ufanywe kwa bikari, au kwa hoja: kutoka ncha moja hadi nyingine njia iliyonyooka ni 8, na kupitia kona ni 3 + 5, ambayo nayo ni 8. Kona basi iko kwenye njia iliyonyooka.

## Namna sahihi ya kuchora pembetatu kwa bikari ni ipi?

Chukua 7, 8, 9. Chora mstari wa sentimita 9 na uite ncha zake A na B. Fungua bikari sentimita 8 kwa kuiweka kwenye rula kuanzia alama ya sifuri (si ukingo wa rula). Simamisha sindano A na chora tao refu. Fungua sentimita 7, simamisha sindano B, chora tao lingine likate la kwanza. Mahali pa kukatana ni C. Unganisha C na A, kisha C na B.

Matao yasipokutana, kwa kawaida yamechorwa mafupi mno. Chora tao linalozidi robo ya duara ukiwa na shaka. Bikari iliyolegea hupanuka wakati wa kuzungusha, kwa hiyo kaza skrubu, na weka karatasi kadhaa chini ili sindano isiteleze. Matao yasifutwe. Ndiyo yanayoonyesha kazi, na mwanafunzi aliyekisia C kwa rula hana matao ya kuonyesha.

## Karatasi ya miraba inafaa kwa somo hili?

Inafaa sana kwa pembetatu mraba na pacha. Kwa pembetatu sawa haifai hata kidogo: haiwezekani kuchora pembetatu sawa ambayo kona zake zote tatu ziko kwenye makutano ya mistari ya miraba. Ipo inayokaribia na kudanganya. Kitako miraba 8, kilele juu ya katikati ya kitako, kimo miraba 7. Pande mbili za juu zina urefu wa karibu 8.06. Kama kila mraba ni sentimita moja, tofauti na kitako ni takriban nusu milimita, na rula ya kawaida haitaigundua. Ni swali zuri kwa waliokwishasoma kanuni ya Pythagoras.

Kosa linalojirudia ni kuhesabu miraba ya mshazari kama miraba ya kawaida. Mwanafunzi anayekata mraba kona kwa kona anaandika "1", wakati urefu ni karibu 1.41. Matokeo yake pembetatu pacha inaitwa sawa. Waamuru wapime mishazari kwa rula, au walinganishe kwa ukingo wa karatasi wenye alama mbili.

Kwa zoezi la kipindi kizima, chora vitone 9, vitatu kwa vitatu, na uulize pembetatu ngapi tofauti zinaweza kuunganishwa. Iliyozungushwa au kugeuzwa isihesabiwe tena. Ziko 8: nne ni mraba (tatu pacha na moja ya pande tofauti), mbili ni pacha za pembe kali, na mbili ni butu za pande tofauti. Wengi hufika 6 au 7 na kukwama kwenye zile butu.

## Mchoro unaonekana pacha lakini jibu la kitabu linasema sivyo. Kwa nini?

Mchoro wa swali haupimwi kwa macho. Vinavyohesabika ni alama: vistari vidogo kwenye pande zinazolingana, na kijimraba kwenye kona ya nyuzi 90. Bila alama wala vipimo, hakuna uhakika. Andaa maswali machache ambayo umechora vibaya makusudi, kwa mfano umbo linaloonekana sawa lakini lina alama kwenye pande mbili na pembe ya kilele imeandikwa nyuzi 64.

## Ni maswali gani yana majibu mawili?

"Pembetatu pacha ina pembe ya nyuzi 40. Pembe nyingine ni zipi?" Karibu darasa zima litatoa jibu moja. Yako mawili: 70 na 70 kama ile 40 ni ya kilele, au 40 na 100 kama ni ya kitako. Ukibadilisha 40 ikawa 100, jibu linabaki moja, 40 na 40, kwa kuwa pembe butu mbili haziingii kwenye nyuzi 180.

Kwa pande: pacha yenye pande 5 na 8 ina upande wa tatu wa 5 au 8, yote yanawezekana. Pacha yenye pande 4 na 9 ina jibu moja tu, 9, maana 4 + 4 haifiki 9.

## Nitajuaje aina ya pembe bila kuchora, nikiwa na pande tu?

Hili ni la wakubwa kidogo, baada ya Pythagoras. Chukua kipeo cha pili cha upande mrefu, kilinganishe na jumla ya vipeo vya pili vya pande mbili fupi. Vikilingana ni mraba, kikiwa kidogo ni kali, kikiwa kikubwa ni butu. Kwa 7, 8, 9: 81 dhidi ya 49 + 64 = 113, kali. Kwa 5, 7, 10: 100 dhidi ya 25 + 49 = 74, butu. Kwanza wahakikishe pande hizo zinaunda pembetatu. Kwa 3, 4, 8 hesabu itasema "butu" bila aibu.

## Programu ya kompyuta inasaidia?

Inasaidia kwa jambo moja ambalo karatasi haiwezi: kuvuta kona na kuona aina ikibadilika. Katika GeoGebra, ambayo hutumika bure kwa kujifunzia, chora pembetatu, onyesha pembe zake, kisha vuta kilele sambamba na kitako. Umbo litapita kwenye kali, mraba na butu mbele ya macho yao.

Jaribio la maana ni la kujenga. Mwambie mwanafunzi atengeneze pembetatu pacha ambayo haiharibiki ikivutwa. Aliyekadiria kwa macho ataiona ikivunjika mara moja. Aliyetumia duara, akaweka kitovu kuwa kilele na ncha mbili za kitako kwenye mzingo, yake itabaki pacha hata akivuta vipi, kwa sababu nusu vipenyo vyote vya duara hulingana.

## Nitapimaje kama wameelewa bila kuwauliza majina?

Wape sentensi na waamue kama ni kweli daima, mara nyingine, au kamwe, wakitoa mfano au sababu. Sentensi hizi sita zinagusa karibu kila kosa lililotajwa hapo juu:

1. Pembetatu mraba ni pacha. (Mara nyingine.)
2. Pembetatu sawa ina pembe kali tatu. (Daima.)
3. Pembetatu ina pembe butu mbili. (Kamwe.)
4. Pembetatu pacha ni ya pembe kali. (Mara nyingine, 5, 5, 8 inaikanusha.)
5. Pembetatu yenye pande tofauti ina pembe mbili zinazolingana. (Kamwe.)
6. Pembetatu yenye pembe ya nyuzi 60 ni sawa. (Mara nyingine, ile ya nyuzi 30, 60, 90 si sawa.)

Toa alama moja kwa jibu na mbili kwa sababu. Ukifanya kinyume watabahatisha, kwani kati ya majibu matatu moja lazima liwe sahihi. Namba 6 ndiyo huwaangusha wengi. Atakayeongeza kwamba pembetatu pacha yenye pembe ya nyuzi 60 lazima iwe sawa, mpe alama za ziada.